Vidonge vya Kulipa

Ruangwa, 12 Januari 2025

Shikamoo mjomba Mikidadi,

Naanza kwa kukujulia hali, na tafadhali usinijibu "hali ni hii hii" kama ulivyonijibu mwezi uliopita, maana hilo si jibu. Sisi wazima. Mkweo Sadiki bado yuko kwenye mashimo ya dhahabu kule Namungo. Anarudi nyumbani Alhamisi akiwa mwekundu kwa udongo mpaka kwenye nyusi, na timu yake ya mpira ikiwa na mechi humwoni tena. Tumbo langu limekuwa kubwa, nikikaa siinuki mpaka nishikwe mkono. Mkunga anasema mwezi wa tatu katikati.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umeifungia sandukuni. Sikulaumu. Ilikuwa simu ya marehemu mkeo, mama Mwanawetu aliyenilea, na kila ikiita mtu anakupa pole upya. Lakini ningekuwa nasikia sauti yako ningelala vizuri zaidi.

Sasa la dawa. Vile vidonge vya amitriptilini tulivyopewa hospitali nilipokuja kukupeleka, meza kimoja kila usiku unapokwenda kulala. Kimoja. Usitegemee nafuu ya haraka. Usingizi utatangulia, lakini moyo wenyewe unachukua wiki kadhaa kuanza kuinuka. Mdomo utakauka, kunywa maji. Ukiamka kaa kwanza kitandani ndipo usimame, kizunguzungu kisikuangushe. Kupanda juu ya mikorosho waachie vijana. Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu bila kuuliza. Na ukiona inakushinda, usiache ghafla, rudi hospitali wakupunguzie taratibu.

Kopo la vidonge anakaa nalo jirani yako dada Leah, mke wa Malimi, kama tulivyokubaliana. Kila Ijumaa atakupa vya wiki moja. Usiniulize kwa nini. Ndivyo nilivyoagizwa.

Mjomba, yale uliyoyasema makaburini siku ya arobaini ya mama, kwamba nyumba yako sasa iko kule na hapa unapita tu, mimi mpaka leo yananiamsha. Wewe ndiye baba na mama niliyebaki naye. Nataka mtoto huyu akukute.

Barua hii anakuletea Kassian, dereva wa Hiace, ataiacha dukani kwa Anuari. Akipita tena mpe jibu.

Mpwa wako,
Rabia

*

Mtua, Nachingwea, 26 Januari 2025

Rabia mpwa wangu,

Marahaba. Hali ni hii hii. Haya, nuna basi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mjomba, mara ya pili kama mgonjwa, na mara zote mbili nilijiona mtoto wa darasa la pili. Mvua imekuja vizuri. Ufuta nimeshapanda upande wa bondeni, na chini ya mikorosho tumeanza kufyeka. Kuku wa mama yako ametotoa, nimekuwekea majogoo mawili ya uzazi.

Dawa natumia. Usingizi umerudi, tena umerudi kwa fujo. Ijumaa iliyopita nimesinzia kwenye hotuba, Anuari akanikanyaga kidole. Mdomo mkavu kama nimetafuna unga. Choo nacho kimekuwa cha kubembeleza, na hapo usisome mbele ya mumeo. Ila nikwambie ukweli wa Mungu, wiki hii nimejikuta nasikia njaa. Nilikaa uani asubuhi nikasikia ndege, nikashangaa, kumbe siku zote walikuwepo.

Lililonikaa rohoni ni hilo kopo. Malimi na mkewe ni watu wazuri, sikatai. Wamekuja juzi tu na ng'ombe zao kutoka huko Ziwa Viktoria na maziwa wananiletea bila kuombwa. Lakini kila Ijumaa nikitoka msikitini naenda kwao kupokea vidonge mkononi kama kuku anayemwagiwa mtama, na Malimi ananitazama. Mimi niliyelea wapwa watano nikawaoza wote! Kwa nini kopo langu lisikae kwangu? Wewe sababu unaijua na hutaki kuisema. Nakujua tangu unatambaa. Ukificha kitu lazima useme "usiniulize."

Yale ya makaburini yalikuwa maneno ya msiba. Mtu aliyefiwa huongea. Usiyabebe pamoja na hilo tumbo.

Na jambo moja nakusihi. Mtu asijue dawa hizi ni za nini. Anuari nimemwambia ni za presha. Hapa wakisikia ni dawa za mawazo, watasema Mikidadi kapata wazimu kwa ajili ya mke aliyekufa, na kuanzia siku hiyo nikifungua mdomo kikaoni watu watatazamana.

Mungu akupe wepesi.

Mjomba wako,
Mikidadi

*

Ruangwa, 9 Februari 2025

Shikamoo mjomba,

Majogoo nimeyapokea kwa mdomo, yabaki hai mpaka nitakapoyahitaji. Sadiki anakusalimu. Wiki iliyopita shimo la jirani yao lilititia, hakuumia mtu, lakini nilipomwona anaingia mlangoni nililia kama mjinga. Sasa nina watu wawili wa kuwaogopea.

Nimefurahi kusikia njaa yako. Nimefurahi sana na hao ndege. Nesi alisema ndivyo inavyoanza, mambo madogo yanarudi kwanza. Choo kula mapapai na mboga za majani, na maji tena maji.

Kuhusu kopo, sababu ni paa lako. Linavuja, na dawa ikiingia unyevu inaharibika. Basi, hakuna jingine.

Siri yako ninayo. Hata Sadiki anajua ni presha.

Ramadhani inakuja, na najua unavyoishika, kwa hiyo nilimpigia nesi mapema. Kidonge ni cha usiku, hakigusi saumu. Ukishafuturu na kuswali tarawehe, meza chako kimoja ulale. Kikikuchelewesha kuamka daku, meza mapema kidogo, mara baada ya futari. Lakini usiache, mjomba. Kuacha ghafla kunaleta kichefuchefu na jasho, na ile hali inarudi. Niahidi.

Rabia

*

Mtua, 27 Februari 2025

Rabia,

Marahaba, na Ramadhani njema kabla haijaingia. Mwambie Sadiki huko mashimoni asijifanye msafiri apate kula mchana, namjua huyo. Tende ninazo, mihogo ya futari iko shambani. Hii ndiyo Ramadhani ya kwanza sina wa kuniamsha daku. Mama yako alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko mpaka jirani wanaamka. Halafu kuna jambo. Mwaka jana alikuwa mgonjwa, hakufunga hata siku moja, akaniambia akipona atalipa. Hakupona. Nimeuliza msikitini, wanasema mtu wake anaweza kumlipia. Kwa hiyo nitafunga zangu, Idi ikipita nianze zake. Sitaki alale na deni.

Sasa kaa chini usikie. Ng'ombe wa Malimi wameingia kwenye ufuta. Si mmoja, ni kundi. Nimekuta bondeni pamebaki vijiti na kinyesi. Nikaenda kwake, akaniambia kwa upole wake ule unaochoma kwamba mchungaji alisinzia na yeye atafuata kitakachoamuliwa na kijiji. Nikamjibu maneno ambayo leo sijivunii. Ndipo akasema, mbele ya majirani wote waliokusanyika, "Mzee, pengine leo hujameza dawa."

Nilihisi nguo zimenivuka. Niliingia ndani kwake, nikachukua kopo langu juu ya kabati, nikatoka. Leah alinifuata mpaka njiani, anasema Rabia atamlaumu. Nikamwambia Rabia ni mpwa wangu, si mpwa wake.

Kikao cha kijiji kimekaa, na Malimi amehamia ng'ambo ya mto na mifugo yake. Kopo liko sandukuni kwangu, pamoja na ile simu. Hapo paa halivuji.

Kuhusu kidonge na saumu, nimekusoma. Kinanilaza kama gogo. Juzi alfajiri imenipita, jua likanikuta kitandani, mimi, ambaye kila siku huwa namsubiri mwadhini atoe adhana ya kwanza. Daku nitaamkaje? Nimeshaamua la kufanya. Tutaelewana baadaye.

Nakuombea ujifungue salama.

Mikidadi

*

Ruangwa, 10 Machi 2025

Shikamoo mjomba,

Saumu inaendaje? Naandika nimelala ubavu, nikikaa mgongo unaniua. Mama mkwe amekuja kutoka Mkotokuyana kunisubiri, anapika futari ya watu kumi wakati tuko watatu.

Umeamua nini? Neno lako hilo limenikaa kooni kuliko habari yote ya ng'ombe. Pole kwa ufuta, pole kwa aibu. Malimi alikosa adabu. Lakini kopo lote zima kukaa kwako, hapana.

Nakuomba kitu. Mpe Kassian kopo aniletee. Mimi nitakuwa nakutumia vya wiki kwa wiki katika bahasha, mtu hatajua ni nini. Nimejaribu simu ya dada Leah, haipatikani, nadhani huko ng'ambo hakuna mtandao. Juzi nikampigia Anuari nikaomba kuongea nawe. Ukachukua simu mbele ya watu wote wa dukani ukasema kwa sauti, "Presha iko sawa, lala mwanangu," ukamrudishia. Ningesema nini hapo?

La paa nilikudanganya. Najua halivuji, Sadiki ndiye aliyeliezeka. Sababu yenyewe siwezi kuiandika. Naogopa nikiiandika itakaa ndani ya nyumba na wewe, na wewe uko peke yako humo. Nifanyie hili kwa heshima ya mama tu, bila kuelezwa.

Rabia

*

Mtua, 3 Aprili 2025

Rabia mpwa wangu, mama Mwanawetu,

Idi njema, na hongera. Kassian aliponiambia pale dukani kwamba mtoto ni wa kike na mmempa jina Mwanawetu, nilishika jicho nikasema limeingia vumbi. Anuari akasema vumbi gani, mvua inanyesha. Nikatoka nikasimama nje. Miezi yote hii jina hilo nilikuwa nalisikia kwenye pole tu, leo limesemwa na mtu anayecheka. Ahsante. Mwambie na Sadiki ahsante.

Idi nimekula pilau kwa Anuari. Barabara imekatika pale mtoni, Kassian anasema barua hii atakaa nayo mpaka maji yapungue. Haya, itasafiri ikifika.

Sasa nikueleze nilichoamua, maana mwezi mtukufu umekwisha na sipendi kukuficha zaidi. Vidonge sikumeza hata kimoja Ramadhani nzima. Nilitaka niamke daku na niswali alfajiri kama mtu. Ulisema kweli, siku za mwanzo nilitapika, nikatoka jasho, mwili ukatetemeka kama wa homa. Usingizi ukakimbia kabisa, kwa hiyo daku sikuikosa, nikacheka peke yangu. Halafu ikaja ile hali. Unaijua. Nilikuwa nakaa mlangoni namsubiri mama yako atoke jikoni. Siku moja nilikwenda makaburini asubuhi nikarudi adhuhuri, na sikumbuki nilichofanya huko. Lakini nilifunga zote.

Jana nimerudi hospitali, ndiyo siku niliyopangiwa. Nesi akaniuliza kama dawa natumia vizuri. Nikamwambia vizuri sana. Ningemweleza nini na foleni yote ile inasikiliza? Kanipa nyingine. Sasa kopo halifungi.

Nimekaa nikafikiri. Deni ni deni. Saumu ukiiacha kwa ugonjwa unailipa. Swala ikikupita unailipa. Na dawa niliyopewa ya mwezi mzima nikaiacha, nayo mwili unanidai, ndiyo maana hali imerudi. Kwa hiyo nimeanza kulipa. Usiku nameza cha siku hiyo, kisha nalipa na vya nyuma. Ningemuuliza shehe kama nafanya sawa, lakini naanzaje bila kumwambia dawa ni ya nini? Na nesi nimeshamwongopea. Basi natumia akili yangu, ndiyo niliyolelea watu.

Mchana nafunga za mama yako, usiku nalipa zangu. Kopo silitumi. Mwenye kudaiwa ni mimi, si Kassian. Nikimaliza nitakuja kwenye arobaini ya mtoto nikiwa sina deni la mtu, hai wala maiti.

Mjomba wako, babu wa Mwanawetu,
Mikidadi

*

Ruangwa, 5 Aprili 2025

Shikamoo mjomba,

Idi imepita na barua yako haijaja. Tangu ile ya ng'ombe sijapata hata mstari mmoja. Wanasema barabara imekatika mtoni na magari yamelala pande zote mbili. Mtoto ananyonya vizuri, ana paji lako la uso, samahani kwa hilo. Mama mkwe hataki nitoke nje hata kibarazani mpaka arobaini iishe.

Nikimnyonyesha nakuwaza wewe. Jana nimewaza mpaka nikasema basi, liwalo na liwe, nitaliandika, maana kwa simu ya Anuari duka zima litasikia.

Siku ile hospitali, ulipotangulia kutoka nje, nesi alinishika mkono akanirudisha ndani. Nilikuwa nimemweleza maneno yako ya makaburini. Akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Dawa hii ni nzuri akimeza kimoja kwa siku. Vikiwa vingi kwa pamoja vinausimamisha moyo. Mzee asikae na nyingi ndani."

Ndiyo maana ya Leah. Ndiyo maana ya "usiniulize." Niliogopa, mjomba. Niliogopa kwamba mtu anayesema nyumba yake iko makaburini, nikimwambia kuna kitu sandukuni kinachoweza kumfikisha huko, nitakuwa nimemwonyesha njia. Nikaona bora usijue. Nilidhani nakulinda.

Na kuna jingine alilolisema, nililiacha kwa sababu ukilitaja hili lazima utaje na lile la kusimama moyo. Siku iliyopita bila kidonge imepita. Hailipwi. Ukisahau, unaendelea na kimoja cha siku inayofuata, basi. Na kama uliacha siku nyingi, usianze mwenyewe, rudi kwao waseme uanzeje.

Nakujua mjomba wangu. Wewe hata ukikosa kumsalimia mtu asubuhi, jioni unamfuata kwake ulipe. Kama Ramadhani uliacha, na naogopa uliacha, usilipe. Nakusihi kwa jina la huyu mtoto, usilipe kitu.

Ukiwa umeshameza zaidi ya kimoja, na moyo unakwenda mbio, au macho hayaoni karibu, au mkojo hautoki, au unaona visivyokuwepo, usilale usubiri kupona. Mwambie Anuari akupeleke hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie kila kitu.

Kassian yuko ng'ambo ya mto. Bahasha nimempa mwenzake, anasema wataivusha kwa miguu maji yakishuka.

Rabia

*

Mtua, 9 Aprili 2025

Rabia,

Salamu nyingi. Barua yako sijaiona, wanasema bado maji. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa, macho siku hizi hayataki vitu vya karibu. Kurani naishika mbali kama kioo na bado mistari inaingiliana. Uzee huo.

Kulipa kunaendelea. Nimekuwa mlevi nisiyekunywa. Juzi nilitoka kwenda chooni nikajikuta kwenye banda la kuku, nikakaa humo nikasahau nilichofuata. Chooni kwenyewe nasimama mpaka miguu inachoka, hakitoki kitu. Mdomo umekauka hata mate ya kumeza futari sina. Na moyo unakimbia. Nikikaa unakimbia, nikilala unakimbia. Nadhani ni furaha ya mjukuu.

Na nikwambie jambo usinicheke. Jana alasiri mama yako alikuwa kibarazani anapepeta mchele. Nilimwona kama ninavyoiona karatasi hii, afadhali hata yeye hakuwa na ukungu. Nikamsalimia. Hakuitika, lakini aliniangalia, akatingisha ungo kama anayesema, bado tu? Anuari alipita akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na presha.

Nimeona hii ya kidogo kidogo inanichelewesha. Kila usiku nalipa na bado kopo limejaa, na kichwa kinapoteza hesabu, sijui nimefika wapi. Za mama yako nimebakiza nyingi, zile haziharakishwi, siku ni siku. Lakini hizi zangu zinaharakishwa. Ijumaa nikishaswali Isha nitalipa zote zilizobaki nipumzike. Nataka nije kwa mtoto nikiwa mweupe.

Majogoo yako ni makubwa sasa, moja linanipiga mateke. Nitayabeba.

Mtoto mbusu kwenye paji la uso.

Mikidadi

*

Njiani, Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mjomba,

Sijui nitakupa vipi barua hii. Naandika kwa sababu nikikaa mikono mitupu nitapiga kelele humu garini.

Asubuhi Kassian amefika, njia imefunguka. Alikuwa na barua zako mbili, ya tarehe tatu na ya tarehe tisa, amezileta pamoja. Na akanirudishia yangu, ile ya tarehe tano, haijafunguliwa. Jana usiku ndiyo ilimfikia, anasema leo alfajiri kabla hajaanza safari alipita kwako kukupa mkononi maana niliandika juu ya bahasha "apewe mwenyewe." Alibisha hukuitika. Akabisha kwa jirani. Wakamwambia mzee amelala tangu jana baada ya Isha, tumwache, maskini, muda mrefu hakuwa anapata usingizi. Wakamwambia anakoroma vizuri.

Nilisoma barua zako nimesimama. Kisha nikampigia Anuari avunje mlango. Akaanza kuniuliza maswali, presha tu hiyo, kwa nini nivunje mlango wa mtu. Nikamwambia yote. Nimemwambia dawa ni za nini, nimemwambia ya makaburini, nikisema kwa sauti mpaka watu wa kwake dukani walisikia. Siri yako imekwisha, mjomba. Nisamehe. Heri ningeitoa siku ile ile ya kwanza.

Wamevunja. Unapumua lakini huamki, na mwili unarukaruka. Wamekupakia kwenye toyo, ile pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea magunia, wakakukimbiza hospitali. Anuari amepiga tena kutoka huko. Daktari anauliza ulimeza vingapi na saa ngapi. Saa nimempa, Ijumaa baada ya Isha, uliandika. Vingapi sijui. Nimezigeuza barua zako zote, mbele na nyuma. Umeandika habari za majogoo, umeandika mpaka za choo. Hesabu ya vidonge hukuandika.

Nikamwambia Anuari arudi nyumbani kwako atazame kopo, tujue vimebaki vingapi. Amenipigia sasa hivi. Anasema amelikuta uani juu ya uchanja, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi pamoja na sahani.

Tumefika mtoni. Daraja ni la magogo, wanatushusha abiria tuvuke kwa miguu gari lije tupu. Mtoto nimemfunga kifuani. Mama mkwe alishika mlango akasema arobaini haijafika, nikapita. Nimempigia daktari mwenyewe nikamsomea uliyoandika, moyo, macho, mkojo, na mama kibarazani. Alisikiliza, akasema nifanye haraka.

Hakuna anayekudai kitu, mjomba. Si mwili, si mama, si mimi. Nisubiri, nakuja.

Rabia